Mwasiti Hakuwa na Ndevu

Hapana, mjukuu wangu, ulimi hawakumkata. Nani kakwambia walimkata ulimi? Watu wanapenda kutia chumvi. Nchi ile haikuwa ya kishenzi hivyo. Ilikuwa na wasomi wake, watu wa tai na miwani, hawawezi kumkata mtu ulimi hivi hivi kama wanachinja kuku. Sudi walimwachia ulimi wake. Na meno walimwachia, mengi tu. Walichomwondolea ni watu wa kumsikia. Walimpeleka mahali, ndivyo tulivyoambiwa, pana kuta nene na hapana jirani, wakamwambia haya, imba sasa mpaka uchoke.

Lakini umeniuliza mwisho na mimi mwanzo sijasema. Chomoa kwanza hivyo vidude masikioni. Simu haikimbii. Hizo nyimbo unazosikiliza peke yako hapo zitakungoja.

Kwanza ujue nchi hiyo si hii. Hii yetu ni nzuri, tunashukuru. Hiyo ninayoisema iko mbali, na usiniulize iko upande gani, maana mimi shule niliishia pale walipoleta ramani, na ramani yenyewe ilikuwa imeliwa na mchwa. Nilikaa huko siku nyingi, naendesha mashine ya kusaga. Jina langu Mbaruku lakini hakuna aliyeniita Mbaruku. Walikuwa wananiita Baba Mashine. Mwasiti ni dada yangu, tumbo moja, ziwa moja. Sudi ni mwanawe, kwa hiyo ni mpwa wangu. Basi, watu wenyewe ndio hao, wengine nitakwambia wakiingia.

*

Nchi hiyo ilikuwa na ofisi kubwa inaitwa Mamlaka ya Masikio. Usicheke. Kisa chake ni kwamba siku Mtukufu anaapishwa, walipiga mizinga ya heshima, na mmoja ukapigwa karibu mno na kiti chake. Tangu hapo akawa hasikii vizuri. Ukimwambia "wananchi wana njaa," anajibu "na mimi nawapenda." Sasa wakubwa wakakaa, wakasema, kama kiongozi hasikii, mwananchi wa kawaida atasikiaje kumzidi kiongozi wake? Ni utovu wa adabu. Ndiyo ikaundwa Mamlaka, iwe inasikiliza kwa niaba ya watu wote.

Nyimbo zikawa tatu. Kulikuwa na Wimbo wa Shukrani, na Wimbo wa Subira, na ule wa Kushukuru kwa Subira. Redio inapiga huu, halafu huu, halafu ule, halafu taarifa ya habari ambayo na yenyewe ilikuwa kama wimbo wa kwanza. Ukisikia kijana anasema leo nimesikia kitu kipya, ujue mtambo wa redio umepata hitilafu, Subira imekwenda mbio.

Si kwamba walikataza watu kutunga. Aa, hapana. Kila mwaka kulikuwa na mashindano, na mwimbaji yeyote anaruhusiwa. Majaji walikuwa wanakaa mbele, kila mmoja kajaza pamba masikioni. Niliyaona mwenyewe. Nikamuuliza jirani yangu, mbona wameziba? Akasema ni haki hiyo, Baba Mashine, ili wimbo usije ukawashawishi. Wao wanaangalia viatu, wanaangalia mtu anavyoinama, wanaangalia mdomo unafunguka kiasi gani, maana mdomo ukifunguka sana ni dalili ya kutoridhika. Mshindi anapewa Sikio la Dhahabu, anapigwa picha, halafu anapewa wimbo wa kuimba. Mmoja kati ya zile tatu.

Mkuu wa hiyo Mamlaka aliitwa Dakta Nyangasi. Udaktari wake si wa sindano, ni ule mwingine. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti nzuri ya hotuba, na alikuwa anapenda kusema: "Msipoteze nguvu kuchagua. Sisi tumekwisha kuchoka kwa niaba yenu."

Eeh, nimesahau. Kulikuwa na wimbo wa misiba. Huo hatukuuhesabu kwa sababu hakuna aliyekuwa anauomba. Huo ulitungwa siku Waziri wa Barabara alipofariki. Ukapitishwa, ukagongwa muhuri. Sasa kitu kikishagongwa muhuri nchi ile, hakibadilishwi hata neno. Kwa hiyo kila aliyekufa baada ya hapo alizikwa kama Waziri wa Barabara. Ukifa mkulima, wanakuimbia "ewe Waziri wetu, baba wa lami, mwenye ndevu za busara." Akifa bibi kizee, hivyo hivyo, ndevu za busara. Nimeona kichanga kimezikwa, mjukuu wangu, hata jina hakijapewa, kinaimbiwa ndevu, na mamake amesimama pale anatazama chini. Hakuna aliyecheka. Siku za mwanzo watu walicheka. Baadaye wakazoea, na kuzoea ndiko kubaya.

*

Sasa sisi tulikuwa tunakaa Pumbani, mji wenyewe mdogo, mashine yangu ndiyo kubwa yake. Injini ya dizeli, ile ya zamani. Ikishawaka, hata mbuzi hawakatizi uani. Ukiwa ndani na unataka kumwambia mtu kitu, unamwekea mdomo sikioni kabisa. Wakaguzi wa Mamlaka walikuwa wanazunguka mitaani wanasikiliza madirishani, lakini mashineni hawaingii. Mmoja aliingia siku moja na suti nyeusi, akatoka mweupe kama mzuka, anapiga chafya mpaka ofisini kwao.

Mwasiti alikuwa ananisaidia kazi, anakung'uta magunia, anapanga watu foleni. Nikawa naona mambo. Mwanamke anaingia na debe lake la mahindi, Mwasiti anamwekea mdomo sikioni, muda mrefu. Yule mwanamke anaanza kulia. Halafu anamgeukia mwenzake nyuma yake, na yeye anamwekea mdomo sikioni. Mimi nikadhani umbea. Nikasema moyoni, mbona umbea wa siku hizi umekuwa mzito hivi?

Mpaka siku dizeli ilipokuwa na maji. Injini ikakohoa, ikazimika ghafla bila kuaga, na sauti ya dada yangu ikabaki peke yake katikati ya vumbi, kama mtu aliyefunguliwa mlango anaoga.

Nani hajarudi nyumbani?

Na wanawake wote kwenye foleni, kabla hawajajua injini imezima, wakajibu:

Mwekeeni, mwekeeni.

Baba kaitwa mkutanoni.

Mwekeeni, mwekeeni.

Ugali wake unapoa.

Mwekeeni, mwekeeni.

Halafu wakashtuka. Unga unadondoka tu kutoka juu kwenye chujio, polepole. Wananitazama mimi.

Mimi nilisimama na spana mkononi. Nilikuwa mtu mzima, nina mke, nina watoto, na nilijua kwamba nyimbo duniani ni tatu. Nikasikia kitu kifuani hapa, kama mtu uliyemzika amekohoa. Nikamwambia, "Dada, huo umeutoa wapi? Mbona redioni haumo?"

Mwasiti akapangusa unga kwenye nyusi. Akasema, "Kaka, huo una mtu ndani yake. Redioni hawapokei wimbo wenye mtu ndani."

Mtu mwenyewe alikuwa Kondo, mumewe. Siku moja aliitwa mkutanoni. Alivaa kofia, akasema mniwekee chakula, narudi sasa hivi. Mkutano ule mrefu, mjukuu wangu. Mpaka leo haujafungwa. Sudi alikuwa mdogo wa kunyonya, na Mwasiti ndiyo akawa anambembelezea kwa wimbo huo. Kila jioni alikuwa anaweka sahani, anaifunika kwa kawa. Na wale wanawake kila mmoja alikuwa anauchukua wimbo, anatoa Kondo, anaweka wa kwake. Kaka. Mtoto. Mwingine aliweka ng'ombe, basi, ng'ombe naye mtu.

Na haukuwa huo tu. Zilikuwepo nyingi, na zingine za kucheka mpaka mbavu ziume. Kulikuwa na mmoja wa suruali ya Dakta Nyangasi, huo sikuimbii, mamako atanifukuza. Zote zimetoka midomoni zikaingia masikioni, hakuna aliyezipitisha, hakuna aliyezikataa. Ukiupenda unaubeba. Usipoupenda unakufia hapo hapo. Nikawa mtu wa ajabu mimi. Injini ikizima nilikuwa nachelewa kuiwasha.

Watu wakaanza kuja kutoka mbali. Wengine wanaleta mahindi kiganjani. Wengine wanaleta unga, wanasaga unga. Nikawaambia jamani, huu si umeshasagwa? Wanasema saga tena, Baba Mashine, bado una punje.

Na serikali ikafurahi! Takwimu zikapanda. Gazeti likaandika kwamba wananchi wa Pumbani wanaongoza kwa kusaga taifa zima. Akaja mkubwa mmoja, akanipa bendera niitundike mlangoni, akasema kwenye hotuba, "Kelele hizi ninazozisikia ni kelele za maendeleo!" Wanawake wakapiga vigelegele. Nyuma yake dada yangu alikuwa anamwimbia mtu sikioni ule wa suruali.

*

Sasa Sudi. Sudi hakuwa mtoto mbaya, na ukisikia mtu anasema alikuwa mbaya, mwambie babu kakataa. Alikuwa na masikio mazuri. Akiwa mtoto alikuwa anajua lori la nani linakuja kabla halijapanda kilima. Akakua, akaenda mji mkuu kutafuta kazi, na mji mkuu kazi ya mtu mwenye masikio ni moja. Akawa mkaguzi wa Mamlaka. Alikuwa anamletea mamake sukari na khanga, na mamake alikuwa anazipokea kwa mikono miwili. Mtoto anakula anapopata.

Basi siku moja Dakta Nyangasi yuko nyumbani kwake, akasikia mpishi wake anamenya vitunguu na anavumisha kitu puani. Si Shukrani, si Subira. Mpishi akaulizwa, akasema nimeusikia sokoni, sokoni wakasema tumeusikia kwa mtu, mtu hajulikani. Dakta akakasirika. Asubuhi akawaita wakaguzi wote ukumbini. Akasema, "Kuna hewa inazurura nchini bila kibali. Nitawapigia, na mnisikilize kama wataalamu." Akakohoa, akaimba yeye mwenyewe, na sauti yake hiyo ya hotuba:

"Nani hajarudi nyumbani?"

Sasa nikwambie kitu kuhusu sisi watu wa Pumbani. Kwetu mtu akianzisha, unaitikia. Hata awe adui yako. Kumwacha mtu na wimbo mdomoni peke yake ni kama kumwacha na mkono hewani anakusalimia. Mtoto wetu anajua kuitikia kabla hajajua kutembea.

Ukumbi mzima kimya. Na Sudi akasikia sauti inasema, "Mwekeeni, mwekeeni."

Akageuka nyuma atazame ni nani huyo mpumbavu. Nyuma yake kulikuwa na ukuta.

Alikuja kunisimulia mwenyewe. Aliniambia, "Mjomba, sikuimba mimi. Mdomo uliimba. Nilisikia mama kaanza."

*

Sudi kazi walimwachia, waliyemtaka ni aliyemfundisha. Wakaja kumchukua Mwasiti mchana, anachekecha unga, mikono yote myeupe. Ningepata akili ningemtia tonge mkononi, maana kwetu mwenye tonge haitwi. Hilo hata wakubwa walikuwa wanalijua. Marehemu baba yangu, askari walikuja kumchukua kwenda kubeba mizigo ya jeshi, wakamkuta anakula mihogo. Wakakaa kwenye kizingiti wakangoja. Baba akala taratibu, mama akaongeza, jirani akaleta wa kwake, akala mpaka askari wakaombwa na wakubwa wao waende kwingine. Lakini Mwasiti alikuwa kazini. Mtu wa kazini wanamwita tu.

Walimpeleka Nyumba ya Kutulizia Sauti. Jina zuri. Kuna maua mbele, nilipeleka nguo pale, nikaishia kwenye maua.

Alirudi mzima. Miguu mizima, mikono mizima, hata alama hana. Sauti tu ndiyo aliiacha huko. Akifungua mdomo inatoka pumzi. Dakta Nyangasi akampa nishani, ikaandikwa Sauti Iliyotulia, akasema ni mfano kwa taifa.

Akarudi mashineni. Anasimama pale pale pembeni ya magunia. Wanawake wakawa wanakuja, kila mmoja anamtegea sikio, na Mwasiti anaweka mdomo, hapana kitu, pumzi tu, ya moto. Na wao wanajibu. Mjukuu wangu, walikuwa wanaitikia! Mwekeeni, mwekeeni. Mimi nimetazama dizeli inavuja na sikuiziba.

Masika yalipokuja akashikwa na kifua, akatutoka.

*

Kwa kuwa alikuwa na nishani, Mamlaka ikasema itamzika yenyewe. Tukaambiwa tungoje. Tukangoja. Gari la Dakta likakwama kwenye tope, barabara ile ndiyo ya yule Waziri mwenye ndevu, lami yake ilikuwa imeishia kwenye wimbo. Na msibani kwetu, maiti ikiwa ndani, jiko la nyumba hiyo halitoi chakula. Kwa hiyo watu walikuwa na njaa tangu jana yake, watoto wanatafuna kamba za magunia.

Akafika hatimaye na kwaya yake ya sare na sajini mmoja mwenye bunduki, na Sudi nyuma kabisa, na suti. Hakuna aliyemsalimia. Mimi nilimsalimia. Akaniambia, "Shikamoo mjomba," na macho yake yako kwenye viatu vyangu.

Makaburini kwaya ikapanga mstari, ikaanza. Ewe Waziri wetu, baba wa lami, mwenye ndevu za busara.

Bi Mashavu, mamkubwa wetu sote, mtu wa makamo ya mamangu, akasema kwa sauti, "Mwasiti hakuwa na ndevu."

Dakta akamwinamia kwa upole. "Bibi, kwenye wimbo anazo."

Tukamzika na ndevu zake.

Tukarudi nyumbani, uani, hapo kando ya mashine. Masufuria yako mekoni, mbuzi ameiva, wali, harufu imetanda mpaka kwa sajini. Dakta Nyangasi akavutiwa kiti. Akanawa mikono kabisa, akaikunja mbele yake kama mtoto wa chuoni. Bi Mashavu amekaa kwenye kigoda mbele ya masufuria, upawa mapajani, hasogei.

"Karibuni chakula," Dakta akasema, kana kwamba kampika yeye yule mbuzi.

"Bado," akasema Bi Mashavu.

"Bado nini, mama? Si kinatoa mvuke?"

"Mfuniko haufunuliwi mpaka marehemu aimbiwe wa kwake. Aimbiwe na mtoto wake. Ndivyo kwetu. Baba yangu nilimwimbia, ndiyo watu wakala."

"Ameshaimbiwa! Kwaya ya taifa imemwimbia!"

"Mmemwimbia Waziri. Na yeye akila, ale huko huko alikozikwa."

Watu wakaguna. Dakta akasimama, akatoa hotuba. Alisema kwamba huzuni ni rasilimali ya taifa na haiwezi kuachwa mikononi mwa watu binafsi. Alisema wimbo usiopitishwa ni kama nyama isiyopimwa. Hapo kwenye nyama sauti ikamkatika kidogo, akatazama masufuria. Akasema atakayeimba kitu kisicho na kibali, gari lipo. Akakaa.

Bi Mashavu akasema, "Basi tutakaa."

Tukakaa. Jua likasogea. Watoto wanalia. Mwanakwaya mmoja wa kike akaanza kuona kizunguzungu. Sajini anameza mate, unamsikia. Hakuna mtu anayeweza kunyang'anya upawa wa mama mzee msibani, hata nchi ile, hata Mtukufu mwenyewe asingethubutu. Na mtoto wa Mwasiti ni mmoja tu, amesimama pale karibu na ukuta na suti ya Mamlaka, na kila mtu anajua.

Nikawaza. Akili yangu ni ya injini tu, lakini nikawaza. Nikamwendea Sudi, nikamwambia, "Mwanangu, nawasha mashine. Unaingia ndani, unamwimbia mamako humo humo, kwa kelele. Dakta hatasikia, na kisichosikiwa si wimbo. Bi Mashavu atafunua. Watu watakula, na wewe utarudi kazini kwako."

Akasema, "Ahsante, mjomba."

Nikamwambia Dakta nataka kusaga unga wa wageni. Akasema saga, saga, uzalishaji hauna msiba. Nikawasha. Sudi akaingia, akasimama pale pale pembeni ya magunia, na mimi nikaona mdomo wake unafunguka. Nje Dakta amekaa anatikisa mguu, kaona mdomo, kageuza uso upande wa pili. Ndiyo, aliona. Lakini njaa ilikuwa imempa busara kidogo. Wimbo ukaisha. Nikampungia Bi Mashavu mkono, funua!

Bi Mashavu akatikisa kichwa.

Nikamkimbilia, nikamwekea mdomo sikioni. "Mama, ameimba! Nimemwona!"

Akavuta kichwa changu, akaniwekea mdomo sikioni. "Umemwona. Nani kamsikia? Mwasiti kaimba kwa kujificha maisha yake yote. Na leo pia nimuage kwa kujificha?"

"Mama, watamchukua mtoto!"

"Najua," akasema. Na machozi yanamtoka, usidhani hakuwa na huruma, alimlea yule. "Sijamlazimisha. Mimi ninakaa tu."

Nikageuka nirudi ndani, sijui nilitaka kufanya nini. Nikamkuta Sudi mlangoni, anatutazama. Sijui aliona nini midomoni mwetu. Masikio yake yalikuwa mazuri, nimeshakwambia. Akanitazama, halafu akaenda kwenye injini, akafunga dizeli kwa mkono wake.

Ikakohoa. Ikazima.

Mjukuu wangu, kimya kile sijakisikia tena. Akatoka nje uani na suti yake imejaa unga, akasimama mbele ya masufuria, akaanza. Sauti yake haikuwa nzuri. Miaka yote ya kusikiliza dirishani ilikuwa imemharibu koo.

Nani hajarudi nyumbani?

Na hakuna aliyejibu. Watu waliogopa, bunduki iko pale. Akabaki na wimbo mdomoni, peke yake, mkono wake uko hewani. Akarudia.

Nani hajarudi nyumbani?

"Mwekeeni, mwekeeni." Aliyejibu alikuwa yule mwanakwaya wa kizunguzungu, na sare yake. Akajiziba mdomo. Lakini lilikuwa limeshatoka, na ua mzima ukafuata.

Mama kaitwa mashineni.

Mwekeeni, mwekeeni.

Unga mikononi haujakauka.

Mwekeeni, mwekeeni.

Aliimba wote. Alimweka baba yake, akamweka mamake, na mwisho alijiweka mwenyewe, kwa jina. Na tuliitikia, kwaya imeitikia, na sajini, wallahi, midomo yake ilikuwa inacheza.

Ulipoisha Dakta Nyangasi akasimama. Akatutazama wote, mmoja mmoja, kama mtu anayegawa nyama isiyotosha. Kisheria tulikuwa na hatia sote. Lakini alikuja na gari dogo, na kwaya imejaa nyuma, nafasi iliyobaki ilikuwa ya mtu mmoja.

"Huyo," akasema.

Sajini akapiga hatua. Bi Mashavu akafunua mfuniko.

Mvuke ukapanda. Akachota sahani ya kwanza, akaijaza, akamwita Sudi akae mkekani, akamtia tonge mkononi yeye mwenyewe, akamfungia vidole. Halafu akamtazama Dakta. "Kwetu mwenye tonge haitwi."

Dakta akatazama tonge. Akatazama masufuria. Akasema kwa ile sauti ya hotuba, "Mamlaka inaheshimu mila. Zile zisizo na sauti." Akakaa. "Ale. Akimaliza, tunaondoka."

Bi Mashavu akachota sahani nyingine, akaifunika kwa kawa, akaipeleka ndani. Hakuna aliyemuuliza ni ya nani. Akarudi, akapakua za watu wote, wenyeji na wageni, na sajini akaweka bunduki ukutani apate kunawa.

Nilikaa karibu na mpwa wangu, goti kwa goti. Watu walikuwa na njaa ya siku mbili, lakini hujawahi kuona watu wanakula taratibu vile. Mtu anachukua punje ya wali, anaitafuna kama mfupa. Watoto nao waliacha kulia, wakawa wanatafuna vile vile, hakuna aliyewafundisha. Kila sahani ya Sudi ikikaribia kuonekana chini, mkono unatoka, wa jirani, wangu, wa yule mwanakwaya, unaongeza. Yeye anakula tu, kainamisha kichwa, unga kwenye nyusi kama mamake. Dakta alimaliza zamani, anajifuta midomo, anatazama saa.

Bi Mashavu akakwangua sufuria, akasema kuna ukoko, nani anataka ukoko? Tukasema sote tunataka. Akatugawia, tukaendelea kula.